Darasa la historia ya Tibet, Ngara: ada yake ni halali

Wanaouliza kama kuna mahali Nairobi ambapo mtu mzima anaweza kusoma historia ya mbali bila kujiandikisha chuo kikuu, jibu lipo Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Ni darasa la Jumamosi alasiri, linaendeshwa na mwalimu mmoja mstaafu, na mada ya msimu uliopita ilikuwa Watibeti wa kale na namna Ubudha ulivyoingia kwao. Masomo ni sita, kila moja la saa mbili. Ada ni shilingi 700 kwa somo, au 3,500 ukilipa yote kwa pamoja, na chai ya tangawizi imo humo humo. Nimehudhuria hadi mwisho, na nalipatia alama za juu kuliko mafunzo yoyote ya kulipia niliyowahi kuyapitia mjini hapa. Yapo yaliyopungua pia, nitayasema.

Mimi ni mwalimu wa Historia shule ya sekondari, mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo ninapokaa darasani kama mwanafunzi jicho langu haliko kwenye somo tu. Naangalia mwenzangu anaanzia wapi, anaficha nini, anamwachia mwanafunzi nafasi gani ya kufikiri. Wengi huifundisha Tibet kuanzia mwisho: watawa waliovaa nyekundu, kengele, theluji, utulivu. Ukianzia hapo huwezi kuelewa chochote kilichotangulia. Mwalimu huyu ameanzia ardhini.

Somo la kwanza halikumtaja Buddha kabisa. Alichora ubaoni kwa chaki milima ya Himalaya upande wa kusini, Kunlun kaskazini, na katikati mto Yarlung Tsangpo ukielekea mashariki. Pembeni akaandika urefu: Nairobi mita 1,800 hivi, Iten 2,400, Lhasa 3,650, na sehemu kubwa ya uwanda ule zaidi ya mita 4,000. Kijana mmoja anayefanya mbio aliuliza kama Watibeti wana damu nzito kama ya mkimbiaji aliyepiga kambi milimani. Ni swali zuri, na Mwalimu alilijibu bila haraka. Mtu wa bonde akipanda juu, mwili wake huongeza chembe nyekundu na damu huwa nzito, jambo ambalo likizidi huleta maradhi. Watibeti wengi wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayozuia damu isizidi kuwa nzito. Wanasayansi waliitambua mwaka 2010, na mwaka 2014 wakaonyesha kuwa ilitoka kwa watu wa kale sana waitwao Wadenisova, waliochanganya damu na wazee wa wazee wao. Kisha akaja kwenye chakula. Kukaa kule juu mwaka mzima, vizazi kwa vizazi, kuliwezekana hasa tangu yapata miaka 3,600 iliyopita, shayiri ilipofika, kwa kuwa inavumilia baridi isiyovumiliwa na mtama. Shayiri, kondoo na yaki, ng'ombe yule mwenye manyoya marefu. Watu waliokuja kuitetemesha China walitoka kwenye mabonde ya shayiri.

Ndipo tukaingia bonde la Yarlung, kusini mashariki ya Lhasa, kwenye ukoo wa wafalme walioitwa tsenpo. Hadithi yao wenyewe inasema wafalme wa kwanza walishuka kutoka mbinguni kwa kamba, na kila mmoja alipofika mwisho wa umri wake alipanda kamba ile akarudi, asiache maiti. Mpaka akatokea Drigum Tsenpo, mtu wa majivuno, akapigana na mmoja wa watu wake, akazungusha upanga juu ya kichwa akaikata kamba yake mwenyewe. Yeye akawa wa kwanza kufa akabaki duniani, na kwa ajili yake ikabidi kaburi. Hadithi tamu, lakini Mwalimu hakuileta kutuburudisha. Aliileta kwa sababu makaburi yenyewe yapo, vilima vikubwa vya udongo huko Chongye, na kwa sababu dini ya serikali ile kabla ya Ubudha ilihusu hasa jambo hilo: mwili wa mfalme, kaburi lake, farasi na wanyama wanaochinjwa aende nao, na makuhani wanaojua taratibu. Ukishalishika hilo, unaelewa kwa nini baadaye Ubudha ulipingwa. Waliopinga walikuwa na hoja ya kweli: nani atamhudumia mfalme aliyekufa, na nani atalinda bahati ya nchi?

Sasa niseme kilichonifanya niandike haya. Kila mwanafunzi anapewa bahasha mbili za karatasi. Ya kwanza ina tafsiri za vipande vilivyoandikwa wakati ule ule au karibu na hapo: maandishi ya nguzo za mawe, na nyaraka zilizotoka Dunhuang. Ya pili ina masimulizi ya karne za baadaye, yaliyoandikwa na watawa ambao tayari walikuwa Wabudha kwa vizazi vingi. Sharti lake ni moja: bahasha ya pili haifunguliwi kwa mada yoyote kabla ya kuisoma ya kwanza. Alilisimamia kwelikweli. Mama mmoja aliyekuwa amesoma sana habari za Padmasambhava, bingwa wa Kibudha wa kutiisha pepo, alianza kuzieleza mapema, Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mama, huyo atafika, tumsubiri zamu yake."

Habari ya Dunhuang peke yake ilimeza karibu saa nzima, nami ningependa imeze mbili. Dunhuang ni mji wa jangwani kwenye njia ya hariri, na Watibeti waliutawala tangu miaka ya 780 mpaka 848. Karibu nao kuna mapango ya ibada. Moja kati yake lilijazwa karatasi na likazibwa mwanzoni mwa karne ya 11, likasahaulika. Mwaka 1900 mlinzi wa mapango, Wang Yuanlu, akaligundua. Watafiti kutoka Ulaya, Aurel Stein 1907 na Paul Pelliot 1908, walizinunua nyingi, na leo sehemu kubwa ya karatasi za Kitibeti iko London na Paris. Miongoni mwake imo orodha ya matukio ya mwaka baada ya mwaka, kutoka katikati ya karne ya 7 hadi 764. Kila mwaka una mistari michache: mfalme alikaa wapi kiangazi, wapi majira ya baridi, baraza liliitishwa na nani, nani aliolewa, nani alikufa, jeshi lilikwenda wapi. Tuliisoma kwa zamu, kila mtu mwaka wake. Ukifika mwisho unagundua jambo zito: dini ya Buddha haitajwi. Zaidi ya miaka mia ya ufalme ambao vitabu vya baadaye vinatuambia ulikuwa tayari mikononi mwa wafalme watakatifu, na karani wa serikali hakuona haja ya kuiandika.

Kwetu pwani tunalijua tatizo hili. Habari za Pate, tarikhi ya watawala wa kisiwa hicho, zinaanza na ukoo wa Wanabahani kuingia mwanzoni mwa karne ya 13, lakini nakala tunazozisoma ziliandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea, kutokana na mapokezi ya wazee. Hakuna mtu mwenye akili atakayezitupa, na hakuna mwanahistoria atakayezikubali mstari kwa mstari bila kuangalia magofu, sarafu na makaburi. Nilipolisema hilo darasani, Mwalimu aliniomba nije na nakala wiki iliyofuata, tukaziweka Pate na Tibet mezani pamoja. Darasa linalompa mwanafunzi nafasi ya namna hiyo si la kawaida.

Songtsen Gampo alipewa somo zima. Baba yake, Namri Songtsen, aliunganisha koo za bonde kwa viapo na kwa upanga, kisha akauawa kwa sumu. Kijana akarithi nchi inayomponyoka, akairudisha mkononi. Mwaka 638 jeshi lake lilishambulia mpaka wa China ya nasaba ya Tang kwa sababu alinyimwa binti wa mfalme. Mwaka 641 akampata, Wencheng. Katikati ya yote hayo iko habari ya dada yake, Semarkar, nayo ndiyo ukurasa nilioupenda kuliko zote.

Semarkar aliozwa kwa mfalme wa Zhangzhung, ufalme mkubwa wa magharibi, kwa ajili ya siasa. Ndoa ilikuwa baridi, mume ana mwanamke mwingine, na bibi huyu hakujishughulisha naye. Mjumbe wa kaka yake alipokwenda kumsihi atimize wajibu wake, alimkuta kwenye ziwa Mapang akivua samaki. Hakumjibu kwa hotuba. Aliimba nyimbo ndefu za mafumbo, za samaki, za mlima, za chakula kibaya cha ugenini. Mjumbe alipouliza ampelekee mfalme barua gani, bibi akasema hana barua, akampa kifurushi kilichotiwa muhuri. Kaka yake alipokifungua alikuta feruzi, mawe ya zamani mazuri, yapata thelathini. Akaelewa papo hapo: tukithubutu kumshambulia mfalme wa Zhangzhung, tuzivae shingoni kama mashujaa, tusipothubutu, sisi si wanaume. Wakapanga vita, na Zhangzhung ikaangushwa.

Mwalimu alisoma nyimbo zile polepole, mara mbili, na mzee mmoja mstaafu wa reli akasema zinamkumbusha wanawake wa kwao wanavyotukana arusini bila kutaja jina la mtu. Hapo ndipo nilipoona watu wale wa karne ya 7 wamekuwa watu kweli. Wana hasira, wana mafumbo, wana dada wanaojua thamani yao.

Kuhusu Ubudha wa Songtsen Gampo, bahasha mbili zinatofautiana, naye hakutulazimisha kuchagua kabla hatujasoma. Masimulizi ya baadaye yanamfanya kuwa udhihirisho wa Avalokiteshvara, mtakatifu wa Kibudha mwenye huruma, na kusema kuwa alioa mabinti wawili, Wencheng wa China na Bhrikuti wa Nepali, kila mmoja akaja na sanamu. Yanaongeza kuwa alijenga mahekalu kumi na mawili kumgandamiza jike la shetani aliyelala chali, Tibet yote ikiwa mwili wake, na Jokhang ya Lhasa imekaa juu ya moyo wake. Nyaraka za kale zinamtaja Wencheng, Bhrikuti hazimtaji. Ni jambo la kukubalika kuwa hekalu la Jokhang lina mwanzo wake zama hizo, na kwamba malkia mgeni aliweza kuwa na ibada zake na makasisi wake. Nchi kubadili dini ni jambo jingine, na hilo lilichukua miaka mingine mia na zaidi. Alichoacha mfalme huyu kwa hakika ni dola na mwandiko. Hati ya Kitibeti ilitengenezwa kwa mfano wa hati za India, mapokeo yakimpa sifa waziri Thonmi Sambhota, na kazi yake ya mwanzo inayoonekana ni ya serikali. Mfalme alikufa 649. Mwaka 654 waziri mkuu Gar Tongtsen aligawa watu kati ya wa kijeshi na wa kiraia na kuandaa hesabu ya kodi, na mwaka 655 sheria zikaandikwa. Karani alimtangulia mtawa.

Vita tulivipita mbio, nami sikusikitika. Mwaka 670 ukoo wa Gar uliliponda jeshi la Tang huko Dafeichuan. Mwaka 763, China ikiwa imevurugwa na uasi wa An Lushan, Watibeti waliingia Chang'an, mji mkuu, wakauweka mikononi siku kumi na tano hivi, wakamkalisha mfalme wao wa muda kwenye kiti. Nguzo iliyosimamishwa Lhasa kumsifu jenerali Takdra Lukhong inajigamba kwa hilo.

Somo la nne, la mfalme Trisong Detsen na Samye, monasteri ya kwanza ya Tibet, ndilo lililonifanya niwahimize wenzangu wote wa idara yetu waende. Mfalme huyu alizaliwa 742. Baba yake aliuawa na mawaziri wake mwenyewe, na mtoto akakuta watu wale wale waliopiga marufuku dini ngeni ndio wanaomshauri. Alipokomaa aliugeukia Ubudha waziwazi, na swali la Mwalimu lilikuwa moja: kwa nini? Akatuachia tubishane. Imani yake binafsi haina sababu ya kukataliwa. Amri yake inazungumza kama mtu aliyechunguza. Lakini alikuwa pia anatawala milki ya makabila mengi, Wachina wa Dunhuang, watu wa majangwa, watu wa mipaka ya India, na kamba ya mbinguni ya ukoo wa Yarlung haikuwa na maana kwao. Ubudha ulikuwa unajulikana kila upande wa mipaka yake. Ulikuja na vitabu, waganga, wajenzi, na picha ya mfalme anayelinda sheria kwa ajili ya watu wote. Mimi nasimama na wanaosema sababu zote mbili zilikuwa za kweli kwa pamoja, na sioni haja ya kuitoa moja ili nyingine ikae.

Alimwalika Shantarakshita, mwanachuoni mkubwa wa India. Mara ya kwanza mambo yaliharibika: mafuriko, radi, maradhi ya watu na mifugo, na wapinzani wakasema miungu ya nchi imekasirika. Mgeni akarudishwa Nepali. Alipoitwa tena alishauri aletwe Padmasambhava, bingwa wa kutiisha pepo. Hapo yule mama alipata zamu yake, akasimulia kwa uzuri, na Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua masimulizi ya kale ya ukoo wa Ba, ambamo Padmasambhava anakaa muda mfupi tu, anazungumzia kuleta maji na kustawisha ardhi kame, mawaziri wanamshuku kuwa anataka nchi, na anaombwa aondoke. Umbo lake kubwa lilikuja karne za baadaye, kwa sababu watu walilihitaji. Mama yule hakuudhika. Alisema kumbe mtu huyu alikuwa na adui halisi.

Samye ilianzwa yapata 775 na kuzinduliwa yapata 779, kaskazini ya mto, kwa mfano wa hekalu la Odantapuri la Bihar: jengo la ghorofa tatu katikati, mahekalu manne kwenye pande nne za dunia, ukuta kuzunguka yote. Tuliichora sisi wenyewe sakafuni kwa chaki na kuitembea, kutoka lango la mashariki hadi katikati. Watibeti saba wa kwanza waliwekwa wakfu kuwa watawa hapo. Wakati wa Songtsen Gampo hakukuwa na mtawa Mtibeti hata mmoja. Ikabidi kusubiri zaidi ya karne nzima ndipo wapatikane hao saba. Mfalme akaweka nguzo ya mawe akiapa kwamba yeye na wazao wake hawataviacha Vito Vitatu, yaani Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa, na nguzo hiyo ipo mpaka leo.

Baada ya mapumziko ya chai tuligawanywa, walio upande wa madirisha na walio upande wa mlango, tufanye mjadala wa Samye. Ulifanyika miaka ya 790, kati ya Kamalashila wa India na mtawa Mchina Moheyan. Moheyan alifundisha kuwa ukombozi huja mtu anapoacha kuwaza kabisa. Matendo mema na mabaya yote ni kama mawingu, meupe au meusi, yote yanaziba anga. Kamalashila alisema safari ni ya hatua kwa hatua, na huwezi kuacha kuwaza bila kwanza kutumia akili kupambanua. Mzee wa reli alimchukua Moheyan akamtetea vizuri mno hata sisi wa upande wa mlango tukababaika. Vitabu vya Kitibeti vinasema Kamalashila alishinda. Hapo Mwalimu akatoa karatasi kutoka bahasha ya kwanza: andiko la Kichina la Dunhuang linalosema mafundisho ya Moheyan ndiyo yaliyokubaliwa. Darasa lote lilinyamaza, kisha likalipuka kwa kelele. Nimefundisha miaka mingi, na najua jinsi ilivyo adimu kuona watu wazima wakigombania ushahidi kwa furaha hivyo.

Mkataba wa 821 na 822 nao ulipata haki yake. Nguzo yake iliwekwa Lhasa 823, mbele ya Jokhang, kwa lugha zote mbili, ikisema kila nchi ikae na furaha kwake. Katika maapizo wanaitwa Vito Vitatu, jua, mwezi na nyota kuwa mashahidi, na wanyama wanachinjwa. Mfalme wakati huo ni Ralpachen, Mbudha mwenye bidii, na waziri wake mkubwa, Palgyi Yonten, ni mtawa. Maelezo ya mjumbe wa Tang, Liu Yuanding, yanasema wakubwa walipaka damu midomoni kuapa, na waziri mtawa peke yake hakupaka; kisha wakaapa tena mbele ya sanamu ya Buddha. Ukitaka kuona dini mbili zikikaa kwenye kikao kimoja, kila moja na heshima yake, ni hapo. Mwalimu alitupa dakika kadhaa za kuisoma tena kimya, kila mtu kivyake.

Palipopungua ni somo la mwisho. Mfalme Langdarma kuuawa 842 na mtawa Lhalung Palgyi Dorje, upinde mkononi, joho jeusi nje na jeupe ndani, farasi aliyepakwa masizi akaoshwa mtoni ili mtoro asitambulike: tulilisikia vizuri, pamoja na hoja ya watafiti kwamba huenda mfalme yule alipunguza tu fedha za mahekalu wakati hazina imekauka, na kumbukumbu ya watawa ikamfanya jitu la kutisha. Lakini baada ya hapo, kuvunjika kwa milki, watawa wachache waliohifadhi daraja ya utawa huko kaskazini mashariki, wafalme wa Guge huko magharibi, hekalu la Tholing la 996, mfasiri Rinchen Zangpo, kisha mwanachuoni wa India, Atisha, kufika 1042, vyote vilibanwa kwenye nusu saa. Huko ndiko Ubudha ulikokuwa wa watu, baada ya kuwa wa mfalme. Ulistahili somo lake.

Malkia Trimalo naye alipewa sentensi moja. Mwanamke huyu alishika serikali tangu mwanawe alipofariki 704 mpaka yeye mwenyewe alipokufa 712, mjukuu akiwa mtoto mchanga, na ndiye aliyekuwa na nchi mkononi binti mwingine wa Tang, Jincheng, alipoletwa 710. Darasani nusu yetu tulikuwa wanawake. Nilimwambia Mwalimu ana kwa ana, akaandika kwenye daftari lake. Dini ya Bon pia ilielezwa kwa haraka, kana kwamba ni jina jingine tu la taratibu za makaburi ya wafalme, ilhali Bon yenye vitabu na monasteri ilijijenga baadaye, ikiwa pamoja na Ubudha na ikishindana nao.

Upande wa mahali: ngazi ni ndefu na hakuna lifti, kwa hiyo wazee wenye maumivu ya magoti wajipange. Viti ni vya plastiki. Stima ilipotea somo la pili na tukaendelea kwa mwanga wa dirisha, bila shida kwa kuwa yeye hutumia ubao. Honi za matatu zinapanda hadi juu, kaa mbele. Fotokopi za ramani zimefifia sana, na kwa ada ile zingeweza kuwa safi zaidi. Anafundisha kwa Kiswahili fasaha tangu mwanzo hadi mwisho, hata jeni na mikataba, na sikuona mtu aliyepotea njiani, si mkimbiaji, si mzee, si msichana wa duka la chini aliyekuwa akipanda baada ya kufunga hesabu.

Asiyelifaa darasa hili ni mtu anayetafuta mafunzo ya kutafakari au faraja ya roho. Hapa ni historia. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kulifuata vizuri, na walimu wenzangu watapata mbinu ya bahasha mbili, ambayo mimi tayari naitumia kwa somo la Kilwa: maandishi ya ukutani na sarafu kwanza, tarikhi baadaye.

Msimu ujao unaendelea kutoka Atisha hadi mtawa mwanachuoni Sakya Pandita kukutana na mwanamfalme wa Wamongolia mwaka 1247, na Guge imeahidiwa somo kamili. Nafasi ni ishirini na tano, malipo ni kwa simu au taslimu mlangoni, na anayelipa yote mapema anapewa bahasha ya kwanza wiki moja kabla aanze kuisoma. Mimi nimeshalipia, pamoja na mwalimu mwenzangu wa Dini.